Mama Prufu Anajibu: Mwana Aliyemzidi Baba Yake Umri

Toleo lililopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba mtume Paulo alisahau watu aliowabatiza. Nusu mstari. Sikujua nimechokoza mzinga. Barua zimekuja nyingi hadi mjukuu wangu ameniuliza kama nagombea udiwani. Mzee mmoja wa Iringa ameandika kwa wino mwekundu: “Mama Prufu, mtume hasahau. Neno la Mungu halina kosa. Futa usemi wako.”

Baba, sifuti. Fungua 1 Wakorintho 1. Paulo anashukuru kwamba hakumbatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo, wino haujakauka, anawakumbuka watu wa nyumba ya Stefana, kisha anaongeza, “zaidi ya hao, sijui kama nalimbatiza mtu ye yote mwingine.” Angekuwa mteja wetu kiwandani ningemrudishia karatasi akaandike upya, alete nakala safi. Hakuandika upya. Na mimi naamini kama wewe kwamba Maandiko hayakosei. Ndiyo maana naamini kwamba Paulo kweli hakukumbuka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: jina la Mama Prufu nilipewa na mafundi mitambo wa kiwanda cha uchapaji nilikosoma prufu, yaani karatasi za majaribio zinazokaguliwa kabla ya kuchapa, kwa miaka 34, tangu enzi za herufi za madini ya risasi hadi kompyuta. Si mchungaji, wala sina shahada ya theolojia. Nina macho, na Kigiriki kidogo nilichofundishwa na mmisionari mmoja mzee wakati wa chai ya saa nne. Tuendelee na barua.

*Shikamoo Mama Prufu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga, tena niko kikundi cha uinjilisti. Gereji tupo Wakristo na Waislamu, tunataniana vizuri tu. Juzi mwenzangu alichukua Biblia yangu mwenyewe akanifungulia 2 Wafalme 8:26: Ahazia alianza kutawala akiwa na miaka 22. Halafu 2 Nyakati 22:2: miaka 42. Akarudi nyuma kidogo, kwa baba mtu, Yehoramu: alianza kutawala na miaka 32, akatawala minane, akafa. Akasema, “Baba kafa na arobaini, mwana ana arobaini na miwili. Nani kamzaa mwenzake?” Gereji nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Nilipomuuliza mchungaji alisema maswali ya hivyo yanamfungulia Shetani mlango. Katiba ya kanisa letu inasema Biblia haina makosa. Inayo au haina? — Spana Kumi na Tatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie mwenzako hesabu yake ni sahihi, na usitafute njia ya kuikwepa. Wapo wafafanuzi wa zamani waliosema ile 42 ni umri wa ukoo wa mfalme Omri tangu uanze kutawala, si umri wa Ahazia. Nikisoma hivyo naona haya, kama ninavyoona haya mtu akimwambia mwenye nyumba “nimekuja kukusalimu tu” huku begi la nguo liko mlangoni. Andiko linasema Ahazia. Alikuwa na miaka 42, au hakuwa nayo.

Hakuwa nayo. Sasa nikupe aibu yangu ya kazini. Mwaka mmoja tulichapa kalenda za ukutani, nakala 2,000, kila mwezi na mstari wake. Mwezi wa Agosti ulikuwa Mathayo 7:1: “Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi.” Mpanga herufi aliruka silabi moja. Nami nikapitisha, kwa miwani yangu machoni na sahihi yangu chini ya karatasi. Kalenda zikatoka zimeandikwa “Mhukumu, msije mkahukumiwa ninyi.” Mwinjilisti mmoja ndiye aliyegundua, mwezi Julai, alipofunua ukurasa mapema kutafuta tarehe ya harusi. Tulikaa watu wanne siku tatu tukibandika vipande vya karatasi juu ya zile zilizobaki stoo. Wenzangu wa London walinitangulia: mwaka 1631 wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, waliangusha neno dogo la kukataza kwenye amri ya uzinzi, Biblia ikaamuru watu wazini. Walitozwa faini ya pauni 300. Mimi nilikatwa posho ya chai.

Lakini sikiliza. Katika watu wote waliokuwa na kalenda ile ukutani, hakuna hata mmoja aliyedhani Bwana Yesu amebadili mawazo. Waliona, wakacheka, wakasema “hapa wachapaji wamelala.” Walijuaje? Kwa sababu mstari uleule walikuwa nao mahali pengine.

Hicho ndicho wanachosema wanaolitetea kwa makini fundisho hili la kwamba Biblia haina kosa. Hawasemi kwamba Biblia iliyo kwenye boksi lako la spana haina kosa la mnakili wala la mfasiri. Wanasema kile alichoandika mwandishi wa kwanza, kwa uvuvio wa Mungu, kilikuwa kweli. Na nakala ni Neno la Mungu kwa kadiri zinavyokifuata kile cha kwanza. Ile 42 iko kwenye maandishi ya Kiebrania ya Mambo ya Nyakati yaliyotufikia. Baadhi ya nakala za tafsiri za kale, za Kigiriki na Kisiria, zina 22. Wafalme wana 22. Na baba wa mtu anapaswa kuzaliwa kabla ya mtu. Mnakili aliteleza. Namba huteleza kuliko maneno, uliza msoma prufu yeyote: neno lililokosewa linapiga kelele, namba iliyokosewa inakaa kimya na kuvaa vizuri. Mimi nimewahi kupitisha 1968 mahali pa 1986 kwenye wasifu wa marehemu, akawa ameoa kabla ya kubarikiwa kipaimara.

Mwenzako hataishia hapo. Atakuuliza, na ana haki: “Hizo za kwanza ziko wapi?” Hazipo, hata ukurasa mmoja. Msomi wa Marekani Bart Ehrman, aliyewahi kulishika fundisho hili kwa mikono miwili akaliacha, aliuliza swali hilohilo katika kitabu chake cha 2005: kama Mungu alijitaabisha kuvuvia maneno, mbona hakujitaabisha kuyahifadhi? Swali hilo ni zito, na anayelijibu kwa kupandisha sauti hajalisikia. Jibu langu linatoka kiwandani, na linafika nusu ya njia. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya peke yake zimepita 5,000. Makosa tunayaona kwa sababu nakala ni nyingi na zinashtakiana. Kalenda yangu ingekuwa nakala pekee duniani, tungekuwa tunahukumiana kwa andiko hadi leo.

Na mchungaji wako mwambie, kwa adabu, kwamba swali la hesabu lina majibu ya hesabu, na kwamba Shetani ana milango mingine mingi kuliko huo.

*Bwana asifiwe Mama. Nasoma chuo cha Biblia, mwaka wa pili. Mwalimu ametupa Tamko la Chicago, lile la Biblia kutokuwa na kosa, tumekariri vipengele vyote 19. Nimebaki najiuliza: Wamarekani walikaa hotelini mwaka 1978, sisi linatuhusu nini? Ina maana kabla ya hapo Biblia ilikuwa na makosa? — Mwanachuo, Dodoma*

Asifiwe sana. Kusoma tamko bila kujua ugomvi uliolizaa ni kama kusoma hukumu bila kesi, kwa hiyo tuanze na ugomvi.

Chuo cha theolojia cha Fuller kule California kilianzishwa mwaka 1947 na watu walioshikilia kwamba Biblia haikosei mahali popote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chuo kikabadili ungamo lake na kulegeza maneno hayo. Mwaka 1976 Harold Lindsell, aliyekuwa mmoja wa walimu wake wa mwanzo, akatoa kitabu kikali, “The Battle for the Bible”, akiwataja watu na vyuo kwa majina. Moto ukawaka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1978, wachungaji na wanatheolojia zaidi ya 200 wakakutana Chicago, hotelini kweli, karibu na uwanja wa ndege. Rasimu ya R. C. Sproul ikajadiliwa, J. I. Packer, Carl Henry, Francis Schaeffer na Norman Geisler walikuwa kati ya waliotia sahihi. Nyuma yao ilikuwepo makala ya mwaka 1881 ya A. A. Hodge na B. B. Warfield, Wapresbiteri, ambao ndio walioisimika vizuri hoja ya maandishi ya kwanza.

Kabla ya Wamarekani alikuwepo Mwafrika. Augustino, askofu wa Hippo, pwani ya Algeria ya leo, alimwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba akikuta kwenye Maandiko jambo linaloonekana kupingana na kweli, hana shaka kuwa ni moja ya matatu: nakala ina kosa, au mfasiri hakushika maana, au yeye mwenyewe hajaelewa. Naipenda ile ya tatu. Wengi wetu tunaziruka mbili za kwanza tukidhani tunamtetea Mungu, na ile ya tatu hatuifikii kabisa.

Na hata kwetu lilipita. Julai 1974, miaka minne kabla ya Chicago, Wakristo kutoka nchi 150 hivi walikusanyika Lausanne, Uswisi. Askofu Festo Kivengere wa Uganda, ambaye zamani alifundisha hapohapo Dodoma ulipo, alikuwa miongoni mwa waliohutubia. Agano lao, yaani tamko walilokubaliana, lilisema Biblia haina kosa “katika yote inayoyathibitisha”. Wakatoliki walikuwa wamesema yao mwaka 1965 kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano: Maandiko yanafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Wasomi wanabishana hadi leo kama maneno hayo ya mwisho yanapunguza uwanja au yanaueleza.

Mimi nabaki na “inayoyathibitisha”. Ukilishika neno hilo umeshika fundisho zima. Chukua akida wa Kapernaumu. Mathayo 8: akida alimjia Yesu akamsihi. Luka 7: akida hakuja, alituma wazee wa Wayahudi, kisha akatuma rafiki zake. Nimeona kitabu cha kigeni kimetumia kurasa nyingi kutoka hapo. Mswahili hahitaji kurasa. Jirani akiniambia “Hamisi ameenda kwa mzee Salumu kumposa Zuhura,” najua kabisa Hamisi yuko kwake amejifungia chumbani anatetemeka, aliyekwenda ni mshenga na wazee wawili na barua ya posa. Je, jirani amesema uongo? Akitokea mtu akasema “hapana, Hamisi hakwenda, walikwenda wazee,” amempinga? Wote wawili wamethibitisha jambo moja: posa imepelekwa na ni ya Hamisi. Mathayo amesema kama jirani. Luka amesema kama mtu aliyekuwepo sebuleni akahesabu vikombe vya kahawa.

Kipengele cha 13 cha Chicago kimejaa mambo ya namna hiyo. Namba zilizokadiriwa hazivunji kweli, wala kutia chumvi, wala kupanga habari kwa mada badala ya tarehe, wala kunukuu kwa maana. Wala makosa ya sarufi na tahajia. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikasirika: miaka 34 nimelipwa kuwinda makosa ya tahajia, leo naambiwa si makosa! Wapinzani husema fundisho lenye masharti mengi hivyo limekwisha kufa, limebaki kufukiwa. Sioni hivyo. Masharti yale ndiyo tunayompa kila mtu mkweli anapoongea. Daktari akikwambia “jua likizama umeze vidonge viwili,” humwambii jua halizami, dunia ndiyo inayozunguka.

Ninapogombana na watetezi ni pale wanapogeuka mafundi wa gundi. Lindsell yuleyule, ili kuoanisha jogoo wa Marko aliyewika mara mbili na jogoo wa Injili nyingine, alifika mahali akaeleza kwamba Petro alimkana Bwana mara sita. Sita! Injili zote nne zinasema mara tatu. Mtu ameilinda Biblia mpaka akaandika jambo ambalo halimo katika Injili hata moja. Kiwandani tulikuwa na jina la kazi hiyo: kusahihisha hadi kuharibu.

Mwisho, kwa kuwa mmekariri: mwalimu aliwasimamisha kwenye kipengele cha 19? Kinasema kulikiri fundisho hili si sharti la wokovu, ingawa kulikataa kuna madhara makubwa. Watu hukariri nusu moja kutegemea wanagombana na nani.

*Mama Prufu, mimi ni mzee wa kanisa Machakos. Marko 15:25: “Basi ilikuwa saa tatu, nao wakamsulibisha.” Yohana 19:14: Pilato bado yuko na Yesu mbele ya watu, “yapata saa sita”. Mhubiri mgeni alitueleza kwamba Yohana alihesabu saa za Kirumi kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yake ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Niliridhika mpaka nilipofika nyumbani.*

Mzee wangu, mimi sikuridhika hata kanisani. Hapa msomaji wa Kiswahili amekaa kiti cha mbele. Mzungu akikutana na “saa ya sita” lazima ahesabu kwa vidole ndipo ajue ni mchana. Sisi tunasikia tu: saa tatu, watu wamekwisha kunywa chai, saa sita, jua utosini. Saa yangu ya mkononi inaonyesha tisa, mdomo wangu unasema tatu, na hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Tunahesabu kama walivyohesabu akina Marko, kuanzia jua linapochomoza.

Warumi nao hivyohivyo. Ni kweli kwamba kwa mambo ya sheria siku yao ilianza usiku wa manane. Lakini saa zao za mchana walizihesabu toka alfajiri, na saa zao za jua zina alama ya sita pale kwenye adhuhuri. Halafu Yohana mwenyewe amemnukuu Bwana, sura ya 11: “Je! Saa za mchana si kumi na mbili?” Na ni Yohana huyohuyo aliyemketisha Yesu kisimani Samaria, amechoka kwa safari, yapata saa sita. Watetezi wa saa za Kirumi hulazimika kumleta yule mama kisimani jioni. Labda. Mimi nikisoma naliona jua.

Lipo jibu la pili, nililipenda mno kwa sababu ni la kiwandani. Wagiriki waliandika namba kwa herufi, na herufi ya tatu na alama ya sita zingeweza kuchanganywa na mnakili mwenye usingizi. Tena ziko nakala chache za Yohana zilizoandika “saa tatu”. Shida ni kwamba ni chache mno, na zinanukia sabuni: inaelekea mtu aliona kinachotusumbua wewe na mimi, akakinyoosha. Mnakili anayesinzia simwogopi kama yule aliye macho anayetaka kusaidia.

Jibu ninaloliegemea ni dogo. Hakuna aliyekuwa na saa pale Golgotha. Mchana uligawanywa mapande makubwa, ya saa tatu, sita na tisa, na asubuhi inayoelekea adhuhuri mmoja angeiita kwa mwanzo wake na mwingine kwa mwisho wake. Yohana amesema “yapata”. Bibi yangu hakusoma saa maisha yake yote. Alinyoosha mkono kulionyesha jua na kusema “lilikuwa hapa,” na babu akaunyoosha wake akasema “hapana, hapa,” na ng'ombe alikuwa amezaa kweli. Tena Yohana anayo sababu ya kuitaja saa hiyo siku ya Maandalio, siku ya kuchinja wana-kondoo.

Inabaki tofauti? Inabaki kidogo, hasa kwa kuwa Marko anataja saa tatu, halafu sita, halafu tisa, kama mtu anayegonga kengele. Sasa msoma prufu akikuta jambo kwenye karatasi ya mwandishi ambalo haliendi, na mwandishi hayupo, sheria ni moja: usiguse maandishi. Weka alama pembeni, andika “uliza”. Wanakili Wayahudi wa zamani walifanya hivyo kabisa: palipowatatiza waliacha herufi kama walivyozipokea, wakaandika pembizoni namna ya kusoma. Hapa kwenye Yohana 19:14 Biblia yangu ina alama ya penseli ya mwaka 1983. Sijaifuta, na bado naungama pamoja na mzee wa Iringa.

*Mwalimu wa hisabati, Kigoma, anauliza kuhusu 1 Wafalme 7:23: bahari ya shaba ya Sulemani, yaani lile birika kubwa la hekaluni, mikono 10 toka ukingo hata ukingo, na uzi wa mikono 30 kuizunguka. “Wanafunzi wangu wanajua ingekuwa 31.4. Nifanyeje nao?”*

Wape uzi. Mimi nilichukua sufuria yangu ya ubwabwa, kipenyo sentimita 30 ukingoni. Uzi ulitoka 94. Kisha nikachukua bakuli langu lenye mdomo uliopanuka kama ua, nikapima mdomo, halafu nikauzungusha uzi chini ya mdomo, kwenye tumbo. Uzi ulikuwa mfupi. Soma mstari wa 26: ukingo wa bahari ile ulifanywa kama ukingo wa kikombe, kama ua la yungiyungi, na unene wake upana wa kiganja. Kwa hiyo inawezekana walipima mdomo kwa juu na mzunguko kwa chini, hesabu ikakaa.

Lakini usiwaambie ndivyo ilivyokuwa. Waambie inawezekana. Mimi naona mwandishi alitaja mafungu ya kumi basi, kama fundi bati wa sokoni kwetu ambaye ukimuuliza ndoo inakula bati kiasi gani anajibu “mara tatu ya mdomo wake”, na hajawahi kutengeneza ndoo inayovuja.

*Mama, bibi yetu amefariki hapa Bukoba akatuachia Biblia yake. Ina kasoro: kurasa 16 za Isaya zimerudiwa mara mbili, na kwenye Yeremia zinakosekana kurasa, toka sura ya 30 hadi 41. Bibi hakujali, aliisoma hivyohivyo miaka yote, hata kurasa zilizorudiwa kazipigia mistari, kote kuwili. Ndugu wanasema Biblia pungufu nyumbani ni mkosi, tuichome kwa heshima. Unasemaje?*

Poleni kwa msiba. Msiichome. Hilo ni kosa la kujalidi: karatasi moja kubwa hukunjwa ikawa kurasa 16, mikunjo hupangwa kwa zamu mezani, na mpangaji aliyekuwa akipiga soga alichukua mkunjo uleule mara mbili akauacha mwingine. Nilikaa karibu na meza hiyo miaka mingi, hata soga nazijua.

Tena angalieni kilichopotea. Yeremia 36 imo humo. Mfalme Yehoyakimu yuko nyumbani kwake wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake, anasomewa gombo la Yeremia. Kila zikisomwa safu tatu nne, anazikata kwa kijembe cha mwandishi, anatupa motoni, hadi gombo lote likaisha. Hilo ndilo andiko la kwanza lenyewe, wino wa Baruku, na lilikuwa majivu kabla ya jioni. Yeremia akachukua gombo jingine, akasema, Baruku akaandika tena, na maneno mengi kama hayo yakaongezwa. Kila ninapowasikia watu wakigombania maandishi ya kwanza naukumbuka moto ule.

Fanyeni hivi. Azimeni Biblia ya toleo hilohilo, mpige fotokopi kurasa zinazokosekana, pande mbili, kwa karatasi nyembamba kabisa mtakayopata. Kateni zilingane. Korogeni gundi ya unga wa muhogo, iwe laini kama uji wa mtoto, mpake kwenye ukingo wa ndani tu, upana wa kidole kimoja. Mkipaka ukurasa mzima utajikunja. Wekeni karatasi ya nta katikati, mfunge, mlaze tofali juu yake usiku kucha.

Zile za Isaya zilizorudiwa ziacheni. Umesema bibi alipiga mistari kote kuwili: aliipigia aya zilezile, au mara ya pili alichagua nyingine? Niandikieni, nataka kujua.